Mwalimu Asiyemfungia Mwanafunzi Wake

Mwenye kuingia katika ukumbi wa karate, uwe wa Dar es Salaam au wa Mombasa, aghalabu hukuta ukutani picha ya mzee mmoja wa Kijapani, na huambiwa amwinamie kwa adabu kabla ya zoezi na baada yake. Sina ugomvi na taadhima hiyo, kwa kuwa mwenye kuheshimu asili ya elimu yake hawezi kulaumiwa. Ila nina ugomvi na dhana ambayo imezoea kufuatana nayo, kwamba mwanafunzi ni milki ya mwalimu mmoja, na kwamba akithubutu kubisha hodi katika ukumbi wa jirani ili kujifunza jambo ambalo mwalimu wake halijui vizuri, amefanya hiana inayostahili kufukuzwa. Nimewajua vijana waliofukuzwa kwa kosa hilo. Aliyewafukuza, kila jioni, alikuwa akiinamia picha ya mtu ambaye walimu wake hawakumfungia mlango.

Gichin Funakoshi, ambaye picha yake ndiyo iliyoenea katika kumbi za mtindo wa Shotokan, alizaliwa Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, mwaka 1868, akiwa mtoto dhaifu wa mwili ambaye jamaa zake hawakumtarajia kuishi maisha marefu. Kilichomfikisha kwenye karate ni usuhuba wa utotoni, kwani shuleni alifuatana na mtoto wa Anko Azato, mtu wa daraja kubwa katika wakuu wa kisiwa, hodari wa upanga na hodari wa mikono mitupu. Na kwa hesabu yangu mtoto yule, ijapokuwa hakumfundisha mwenziwe hata ngumi moja, anastahili kutajwa wa kwanza miongoni mwa waliomfanya Funakoshi awe Funakoshi. Zama zile karate ilifundishwa kwa siri, kwa hiyo kijana, ambaye mwaka 1888 alikuwa amekwisha kuwa mwalimu msaidizi wa shule, alitoka kwake usiku na kandili hafifu mkononi, akaenda uani kwa Azato, akarudia kata moja, yaani mfululizo wa mapigo na vizuizi uliopangwa, usiku baada ya usiku, miezi na miezi, na mzee amekaa barazani anatazama, haongezi neno ila kumwambia arudie tena. Majirani waliomwona akirejea kukipambazuka walikuwa na tafsiri yao, nayo ilihusu nyumba za wanawake wa mji.

Azato alikuwa na sahibu yake, Anko Itosu, ambaye aliwahi kuwa karani katika serikali ya mfalme wa Ryukyu, na ambaye mwaka 1901 aliitoa karate katika nyua za usiku akaiingiza katika shule ya msingi mchana kweupe, kisha mwaka 1908 akaiandikia serikali waraka wenye nukta 10 juu ya faida zake. Mwanafunzi mmoja wa pekee, mwenye bidii isiyo kifani, alikuwa katikati ya mabingwa wawili wa kisiwa kimoja; na ajuaye tabia za mabingwa angetazamia wamgombee. Kinyume chake, Funakoshi alisimulia katika habari za maisha yake kwamba wazee hao hawakuwa na chembe ya husuda, bali walimpeleka wao wenyewe kwa mabingwa wengine waliowajua, wakamhimiza achukue kwa kila mmoja lile ambalo kwalo huyo aliwashinda wenziwe. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko teke na ngumi zote alizozipata kwao, kwa sababu mbinu huweza kuigwa na mtu yeyote mwenye macho, lakini mwalimu ambaye amemjenga mwanafunzi kwa mkono wake miaka mingi, kisha akamshika bega na kumwambia aende kwa fulani kwa kuwa fulani anajua zaidi, ni adimu katika kila fani na katika kila nchi.

Wala sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda Okinawa kuitafuta sunna hiyo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, hakuridhika kumtaja mwanachuoni kwa jina na mji wake, bali alieleza alisoma kwa nani na nani, na nani wakasoma kwake. Na msomaji wa kitabu hicho huona mara moja kwamba kusoma kwa masheikh wengi, fikihi kwa huyu na nahau kwa yule, kulikuwa fahari ya mwanafunzi, wala sheikh wa kwanza hakuhesabu kwamba ameibiwa. Ni kwa nini basi mtu aliyelelewa katika ada hiyo akivaa mkanda mweusi huanza kuwahesabu wanafunzi wake kama mbuzi zizini? Jawabu, nadhani, liko katika ada ya mwezi na ada ya mtihani, ingawa wenyewe hupenda kuliita uaminifu.

Nakiri kwamba yuko mwanafunzi wa kutangatanga, ambaye hubadili ukumbi kila mara anapoambiwa kwamba mkanda bado, na huyo si wa kumtetea. Kijana aliyepelekwa na Azato kwa mabingwa wengine hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa ameonja uchovu wa kurudia kata moja hadi mzee atosheke. Mwalimu mwenye akili huweza kuwatofautisha watu hawa wawili pasipo kuwafungia wote.

Msiba ni kwamba ukarimu huo haukurithiwa. Hironori Ohtsuka, aliyejifunza kwa Funakoshi huko Tokyo akiwa tayari ana elimu ya jujutsu, hatimaye aliachana naye akaasisi mtindo wake wa Wado. Na Funakoshi alipofariki Aprili 1957, wanafunzi wake walikhitilafiana hata juu ya mazishi, kundi moja kubwa likasusa kuhudhuria. Walimu wawili waliweza kushirikiana mwanafunzi mmoja aliye hai bila ya ugomvi, na wanafunzi wa huyo mmoja hawakuweza kushirikiana maiti yake.

Sasa nije kwa wale ambao picha zao hazitundikwi popote. Mke wa Funakoshi aliendesha nyumba iliyojaa wazee na watoto kwa mshahara mdogo wa mwalimu msaidizi, akalima mboga na kufuma nguo ili mume apate kwenda kwa walimu wake usiku badala ya kutafuta kazi ya pili, na hakumlalamikia. Aliijua karate yeye mwenyewe, na majirani walipogombana ndiye aliyewapatanisha kwa maneno ya upole. Mume alipohamia Tokyo mwaka 1922 alibaki Okinawa miaka mingi, kwa kuwa alijiona ana wajibu wa kuangalia makaburi ya wahenga wa ukoo. Ukiuliza katika ukumbi wowote ni nani aliyeileta karate Japani bara, utajibiwa jina moja mara moja. Mimi naona gharama ya safari ile ililipwa na watu wawili.

Na huko Tokyo pia hakusimama peke yake. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, ambaye angeweza kumwona mgeni huyu kuwa mshindani, alimwalika katika ukumbi wake wa Kodokan aonyeshe elimu yake. Mchoraji Hoan Kosugi akamwomba abaki afundishe, akamhimiza aandike kitabu. Hata hivyo riziki ilikuwa finyu, naye akaishi katika bweni la wanafunzi wa Kiokinawa akilipa kwa kufagia uwanja na kulinda mlango, akiwa mtu mwenye umri wa miaka 50 na zaidi. Siku moja alipeleka rehani kofia yake kuukuu na kimono iliyofumwa kwao, akapewa fedha nyingi kuliko thamani ya vitu hivyo. Baadaye akajua kwamba ndugu wa karani wa duka lile alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Karani yule hakuvaa mkanda wa rangi yoyote, nami namhesabu katika walimu.

Agosti 2021, Ryo Kiyuna, mzaliwa wa Okinawa, alipotwaa dhahabu ya kata katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, alipanda jukwaani na picha ya mama yake marehemu mikononi. Dunia nzima ilimwona. Laiti wenye kumbi zetu wangaliliona jambo hilo kuwa funzo la karate sawasawa na kata yenyewe.

Nawasihi basi walimu wa karate wa miji yetu, wale ambao huogopa kwamba mwanafunzi akionja maarifa ya mwingine hatarudi: mwandikieni barua ya utambulisho, mpelekeni wenyewe, na akirudi mwulizeni amejifunza nini, ili nanyi mpate kujifunza. Na siku ya kutoa mikanda waiteni mbele mama za wanafunzi, na wake zao, na wale wanafunzi wakubwa ambao kila jioni huwasahihisha wadogo namna ya kusimama wakati mwalimu mkuu yuko ofisini akipokea wageni. Tena atokee mtu mwenye kalamu, awafuate wale waliojifunza karate hapa kwetu miaka ya 1970, ambao sasa wana mvi, awaulize walifundishwa na nani, walipelekwa kwa nani, na nani aliwapikia. Aandike majina yote kabla wenye kuyajua hawajatutoka.