Programu ya Kujenga Kurasa: Ukiing'oa, Hubaki Nini?

Dada mmoja msomaji wa ukurasa huu ametuuliza swali. Anataka kuifungulia tovuti biashara yake ya vitafunio na keki za harusi. Jina amekwisha kulinunua, nafasi ya kuhifadhia tovuti amelipia, na WordPress imewekwa. Sasa anaambiwa achague programu ya kujengea kurasa. Rafiki yake ampendekezea Elementor, mwanawe asema Divi, na fundi ana yake ya tatu. Ashike ipi?

Kwa asiyeyajua mambo haya, WordPress ni programu ya bure ya kuendeshea tovuti, iliyoanza mwaka 2003. Juu yake huongezwa programu-jalizi, yaani viungo vidogo, kila kimoja na kazi yake. Ile ya kujengea kurasa humwezesha mwenye duka kuburuta picha akaiweka hapa, bei pale, na kitufe cha kuagizia chini yake, bila ya kuandika msimbo hata mstari mmoja. Ni msaada mkubwa, na zote zina vielelezo vya kupendeza. Ndiyo maana aghalabu watu huzichagua kwa macho. Nami nilikuwa nikiwashauri watu vivyo hivyo, mpaka yalipomfika somo yangu.

Somo yangu huuza kofia za vito, zile zinazoshonwa kwa mkono, kofia moja ikachukua wiki kadhaa. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja alimjengea tovuti yenye kurasa arubaini, kila kofia na ukurasa wake: picha, maelezo ya nakshi, kipimo cha kichwa na bei. Wanunuzi walimfikia hata kutoka Maskati. Programu aliyoitumia yule kijana ilikuwa ya kulipiwa kila mwaka, na leseni aliiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Hatimaye kijana alisafiri, simu yake ikawa haipatikani, na leseni ikaisha. Masasisho yakakoma. Mwezi wa Shaaban, maagizo ya Idi yanapoanza kuingia, kurasa zikaanza kuvurugika. Fundi wa pili akashauri ile programu iondolewe, iwekwe nyingine.

Iliondolewa asubuhi. Adhuhuri somo alinipigia simu: "Somo, njoo uone mambo haya." Niliponda mbio. Katika kila ukurasa, mahali pa kofia palijaa mabano na maneno yasiyosomeka, mstari juu ya mstari, na maelezo yake yamepotelea humo kama sindano katika pamba. Nakala ya akiba hakuna aliyeihifadhi. Maagizo ya Idi mwaka ule yalitoka kwa wale tu waliokuwa na nambari yake ya simu.

Kumbe swali la kwanza si uzuri wa kielelezo. Swali ni: programu hii huyaweka wapi maneno yangu, na siku nitakapoiondoa, hubaki nini?

Hapo ndipo programu hizi zinapotofautiana. Zipo zinazoyafunga maandishi yako ndani ya amri zao zenye mabano. WPBakery ni ya namna hiyo, na Divi, iliyotoka mwaka 2013, imefuata njia hiyo kwa miaka mingi. Zikiwapo, ukurasa hupendeza. Ukiziondoa, mabano hujitokeza. Zipo zinazoweka mpangilio wao kando na kuacha nakala ya maneno na picha katika ukurasa wa kawaida. Elementor na Beaver Builder hufanya hivyo: ukiziondoa, pambo hupotea lakini maandishi husomeka. Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu Desemba 2018, WordPress yenyewe ina kihariri cha bloku ndani yake. Aya ni bloku, picha ni bloku, kitufe ni bloku. Hakina leseni ya kulipia, na kwa kuwa ni sehemu ya WordPress, hapana cha kuondoa.

Usinitegemee mimi tu. Kabla ya kulipa, tengeneza ukurasa mmoja wa majaribio kwa toleo la bure, Elementor na Beaver Builder zote zinalo. Tia picha mbili na aya tatu, kisha zima programu-jalizi na uufungue ukurasa ule tena. Utakayoyaona ndiyo utakayoyaona siku ya kuhama. Ni kazi ya nusu saa.

Jambo la pili ni uzito. Programu hizi huongeza mafaili ambayo simu ya mnunuzi hulazimika kuyapakua kabla keki haijaonekana, na mnunuzi wetu aghalabu yumo katika bando la shilingi ishirini. Google ina kipimo cha bure kiitwacho PageSpeed Insights. Bandika anwani ya ukurasa wako na uchague matokeo ya simu, si ya kompyuta. (Nusu ya uzito huo, nikiri, si kosa la programu, ni sisi tunaopakia picha kama zilivyotoka kwenye kamera.)

Na leseni, jina la tovuti na nywila vyote viwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama fundi ni mtoto wa nduguyo. Akikuambia anayo nakala ya bure ya programu inayouzwa, ikatae. Nakala hizo zilizovunjwa kufuli mara nyingi huja na msimbo uliofichwa wa kuiba au kuharibu, juu ya kuwa ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila ya ridhaa yake.

Basi, dada yetu wa keki: kwa orodha ya bidhaa, bei, picha na nambari ya kuagizia, kihariri cha bloku kinakutosha, nami ndicho ninachokupendekezea. Ukiona baadaye kuwa unahitaji pambo zaidi, jaribu Elementor ya bure au Beaver Builder, kwa jaribio lile la kuzima. Divi sikukatazi, kwani wengi huifurahia. Lakini iingie ukijua kuwa kuhama kutakuwa na kazi.

Somo yangu naye ameanza upya kwa bloku. Kila baada ya isha hukaa na bintiye, mmoja akiyachambua maneno kutoka kwenye mabano, mwingine akiyaandika mahali papya. Juzi walikuwa wamefika ukurasa wa ishirini na tatu.