Ada ya telefone, nani anaibeba?



Katika likelemba, mwenye zamu akipewa pesa mkononi anapata zote. Akipokea kwa telefone, siku ya kuitoa kampuni inakata ada. Mchango ni mmoja, lakini yeye anapata kidogo.

Kule Brazil, Benki Kuu ya nchi ilianzisha Pix mwezi wa Novemba 2020. Pesa inafika kwa sekunde chache, usiku na mchana, hata siku ya Mungu, na mtu wa kawaida hatozwi ada ya kutuma. Mabenki na kampuni za watu binafsi zinaendelea kufanya kazi, lakini njia ni ya Benki Kuu na sheria ni moja kwa wote.

Wezi hawakuisha. Walikuwa wanateka watu na kuwalazimisha kutuma pesa, ndiyo sababu mwaka 2021 Benki Kuu iliweka kipimo cha kutuma usiku.

Sisi tusingoje serikali. Juma hili kila kikundi kiamue: ada ya mwenye zamu tuigawane sote. Na namba ya siri, mama, usimpe mtu, hata mtoto unayemtuma kutoa pesa.