Leseni za mito: vigogo mlango wa uani, mnyonge foleni

Umeme ukikatika pale Maganzo, nje ya mgodi wa Mwadui, kijana wa kuchomelea mageti anahamia kijiweni, kinyozi anamwacha mteja na kichwa nusunusu, na mwenye mashine ya kusaga anabaki kutazamana na akina mama waliopanga ndoo zao za mahindi. Baadaye mkubwa mmoja anasikika redioni akisema tatizo ni ukame. Ukame katika nchi yenye Rufiji, Ruvuma, Pangani, Kagera na Malagarasi!

Kishapu hatuna maporomoko, hilo tunalijua. Lakini nyaya kubwa zinazotoka Iringa hadi Shinyanga, kilometa 670 zilizokamilika 2016, ndizo zinazotuunganisha na maji ya Kidatu, Mtera na Kihansi. Upande wa Geita umeme wa Rusumo unaingilia Nyakanazi: megawati 80 za mto Kagera ambazo tunagawana na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo swali la nani anapewa ruhusa ya kufunga mtambo mtoni, kwa masharti gani na mbele ya nani, ni swali la kijana wa Maganzo kama lilivyo la mtu wa Mufindi.

Tuangalie basi ruhusa hiyo inavyotolewa. Mzalendo mwenye kijito chake kule nyanda za juu akitaka kufua umeme, aende Bodi ya Maji ya Bonde kuomba kibali cha kutumia maji. Akitoka hapo atafute cheti cha mazingira. Ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo kuna mkutano wa kijiji, kuna halmashauri, kuna wizara. Kisha apige hodi TANESCO apate mkataba wa kuuza umeme, na mwisho EWURA kwa ajili ya leseni. Tunaambiwa mtambo usiofikia megawati moja umesamehewa leseni. Ahsante sana! Lakini kibali cha maji kiko palepale na mazingira yako palepale, na kila ofisi ina meza yake, na kila meza ina "njoo kesho" yake. Hao wazalishaji wadogo walianza kuwekewa kanuni zao 2008, na tangu hapo kanuni zimefumuliwa na kushonwa upya zaidi ya mara moja. Benki gani itamkopesha mtu ambaye bei ya umeme wake inaweza kubadilishwa kabla hajamaliza kujenga mtaro?

Wapo waliovumilia. Mwenga kule Mufindi, megawati 4, iliwaka 2012. Masista wa Kibenediktini wa Chipole walijenga Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, ikawaka 2015. Tunawapongeza masista, ila hatuamini kwamba nchi inayohitaji uvumilivu wa kitawa ili kupata megawati 5 imeweka taratibu zake sawa.

Sasa geuza shilingi uone upande wa pili. Mwaka 1995, nchi ikiwa gizani, serikali ilisaini mkataba wa IPTL wa megawati 100 za mafuta. Mwananchi hakuuona kabla ya wino kukauka, na mzigo wake ulitufuata hadi kashfa ya Escrow ya 2014. Mwaka 2006 giza likarudi, na mlango wa uani ukafunguliwa tena: Richmond, megawati 100 nyingine, kampuni ambayo Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliikuta haina uwezo wa kazi iliyopewa. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Umeme. Sheria ikaja, tabia ikabaki. Hapo ndipo penye ulaji, ndugu msomaji: mto unaotoa umeme wa bei nafuu unazungushwa miaka, halafu mvua zikigoma inatangazwa dharura, na dharura haina foleni.

Serikali yenyewe ikiamua kujenga bwawa, nani anaipima? Mwaka 2018, wakati wa mradi wa Rufiji, Naibu Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Kangi Lugola, alisimama bungeni akasema watakaoupinga watafungwa jela. Huyo ni mtu wa ofisi ileile inayosimamia vyeti vya mazingira! Refa ameingia uwanjani amevaa jezi. Sisi hatulii kwamba bwawa limejengwa; megawati 2,115 si mchezo, na mashine zake zote tisa zimekamilika 2025. Lakini Aprili 2024 maji yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, watu wa chini ya bwawa walibaki kubishana kama ni mvua peke yake au ni maji yaliyoachiwa. Ratiba ya kufungulia maji ingekuwa sharti la wazi ndani ya leseni, lililobandikwa ofisi ya kijiji, ubishi huo ungeishia kwenye karatasi.

Watu wa Mwadui hawahitaji kufundishwa maana ya kuishi chini ya bwawa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, tope likaingia kwenye nyumba na mashamba ya watu. Na serikali ni mbia katika mgodi huo. Anayetoa kibali na anayegawana faida wakiwa mtu mmoja, nani atamkagua mwenzake?

Tunachotaka ni kidogo na kinawezekana. Maombi yapokelewe dirisha moja, na kila ofisi ipewe siku zake za kujibu. Zikipita kimya, mwombaji ahesabiwe amekubaliwa, isipokuwa kwa usalama wa bwawa na mazingira, ambako ukimya hautoshi. TANESCO nayo ibanwe kulipa wazalishaji wadogo kwa wakati. Mtambo wa dharura upite tundu lilelile la sindano. Na zaidi ya yote, mikataba iwe hadharani. Tangu 2015 tunayo sheria ya uwazi katika uchimbaji, inayodai mikataba ya madini, mafuta na gesi itangazwe. Utekelezaji wake ni wa kusuasua, lakini angalau kijana wa Geita ana kifungu cha kumnyooshea waziri. Mto haumo katika sheria hiyo. Kuuingiza hakuhitaji mfadhili wala semina ya hotelini. Kunahitaji muswada wa kurasa chache, na tunasubiri kuona ni mbunge gani wa kanda hii atakayeupeleka Dodoma.