Kabla Hujamcancel Mtu, Jua Kwanza Hilo Neno Linafanya Nini

Mjini hapa haipiti wiki mbili bila mtu "kucanceliwa". Ijumaa usiku skrinishoti zinavuja, Jumamosi hashtag iko juu, Jumapili watu wanaapa kwamba nyimbo za yule jamaa hawazigusi tena. Wiki inayofuata staa anaachia ngoma mpya, na walewale walioapa ndio wa kwanza kwenye komenti: "Kaka umetisha!"

Upande wa pili kuna dada wa dukani, hana hata followers 500. Siku moja kamjibu mteja vibaya, karekodiwa sekunde 40, video ikazunguka magrupu yote ya WhatsApp. Naye wakasema "tumemcancel". Tofauti ni kwamba yeye bosi wake alimwambia kesho usije, na hakuna ngoma mpya ya kumrudisha.

Hizo stori mbili unazijua, kila mtu ana toleo lake. Neno ni moja, matokeo ni mbingu na ardhi. Mimi naona tatizo liko hapo: tumelichukua neno la Kiingereza, tunalirusha kama jiwe, na wengi hatujawahi kujiuliza lina maana gani.

Twende darasani kidogo, haitachukua muda. "Cancel" ilitoka Kilatini, ikapitia Kifaransa, ikaingia kwenye Kiingereza zaidi ya miaka 500 iliyopita. Kwa Kilatini, "cancelli" ni fito au vyuma vilivyopishana, kama nondo za dirisha lako. Zamani hati ikishapoteza nguvu, mfano mkataba uliovunjwa, karani alichora mistari ya kupishana juu ya maandishi mpaka karatasi ikafanana na dirisha la nondo. Kitendo hicho ndicho walichokiita "cancellare". Na ukisikia kwenye habari "Kansela wa Ujerumani", ujue ni ukoo huohuo. Kule Roma kansela wa mwanzo alikuwa mtumishi tu wa mahakama, anakaa kwenye kizuizi cha fito kilichotenganisha mahakimu na watu. Cheo kikapanda taratibu mpaka kikafika ikulu.

Sasa kamata hii pointi. Yule karani hakuichoma karatasi wala hakukwangua wino. Maandishi yalibaki palepale, unaweza kuyasoma chini ya mistari. Kilichoondoka ni nguvu yake. Hata leo ukituma barua, posta wanagonga muhuri juu ya stempu, na kwa Kiingereza stempu hiyo imekuwa "cancelled". Ipo, unaiona, ila huwezi kuitumia tena. Hundi, deni, tiketi ya ndege, oda ya chakula, vyote hivyo unaweza kuvicancel. Kwa karne nyingi neno hili lilikuwa la vitu na makubaliano. Mtu mwenyewe hakuwemo.

Mtu aliingizwaje? Hapo inabidi twende Marekani, kwenye burudani ya Wamarekani Weusi. Mwaka 1981 bendi ya Chic, ya mpiga gitaa Nile Rodgers, ilitoa wimbo uitwao "Your Love Is Cancelled". Mapenzi yanakatwa kama vile unavyokata huduma ya televisheni. Mwaka 1991 filamu ya New Jack City ikalipeleka neno mbele zaidi: muuza unga anamfukuza mwanamke wake na kuagiza "acanceliwe". Mwishoni mwa 2014 likarudi kwenye kipindi cha maisha ya mastaa wa hip hop wa New York, jamaa anamwambia mpenzi wake kwamba amecanceliwa. Twitter ya Wamarekani Weusi wakalidaka, mwanzoni kama utani tu. Utani ukaja kuwa silaha, na mwaka 2019 kamusi ya Macquarie ya Australia ikachagua "cancel culture" kuwa neno la mwaka.

Kwa hiyo hili neno, kwa maana ya kumkata binadamu, ni la juzi tu. Na lilizaliwa kwenye wivu na kuachana. Hilo si dogo, maana mpaka leo tunalitumia kwa hasira ya mtu aliyeachwa: kelele nyingi leo, kesho unamtext mwenyewe.

Kinachonishangaza ni kwamba Kiswahili kinatupa maneno kibao kwa kazi hii, na kila moja lina kazi yake. Kubatilisha ni kuondoa nguvu ya kitu. Kufuta ni kuondoa kabisa, kisionekane. Kuahirisha ni kusogeza siku. Kususia ni kukataa kununua au kushiriki ili mtu aone athari. Kumtenga mtu ni kumtoa kwenye jamii, na wazee wetu walijua huo ni uamuzi mzito, watu wanakaa kikao kwanza. Sisi vyote hivyo tumevimwaga kwenye sufuria moja tukaita "cancel".

Na wajanja wameliona hilo pengo. Promota akishindwa kujaza ukumbi anatangaza "show imekuwa cancelled". Ukimuuliza pesa ya tiketi, anageuka: "Hapana, tumeahirisha tu, subirini tarehe." Kama imefutwa, nirudishie hela yangu. Kama imeahirishwa, nipe siku. Ukikubali neno moja la kuteleza, hela yako nayo inateleza.

Mastaa wao wamejanjaruka zaidi. Wanajua "cancel" ya kwetu haina kitu ndani. Hakuna aliyesema tunataka nini, kwa muda gani, na mtu akifanya nini yaishe. Kwa hiyo wanakaa kimya siku tano, wanapiga picha msikitini au kanisani, wanarudi. Wengine wanageuza kuwa kiki kabisa. Dada wa dukani hana meneja wa kumshauri akae kimya, hana mashabiki wa kumtetea, hana albamu ya kuachia. Ndiyo maana nasema waziwazi: sisi hatuwacancel wakubwa, tunawachorea mistari ya penseli. Wadogo ndio tunaowafuta kwa kifutio.

Najua kuna mtu atasema, "Wewe unatetea wakosaji. Mitandao ndiyo mahakama pekee ya mtu mnyonge." Nakuelewa. Kuna wasichana walisema mambo yao kwa miaka, ofisini hawakusikilizwa, nyumbani wakaambiwa wanyamaze, mpaka siku walipopost. Siwaambii wanyamaze. Nasema wanastahili kitu kizito kuliko hashtag ya siku tatu.

Tena mfano upo. Mwaka 2017 wanawake wawili wa Atlanta, Marekani, walianzisha kampeni dhidi ya mwimbaji mmoja mkubwa wa R&B aliyekuwa akituhumiwa kwa miaka mingi kuwanyanyasa mabinti. Angalia neno walilochagua: "mute", yaani mzimeni sauti. Walitaka redio ziache kupiga nyimbo zake na kumbi ziache kumpa jukwaa. Unajua wanataka nini, na unajua wewe ufanye nini. Walikomaa, hawakuhamia kwa staa mwingine wiki iliyofuata. Mwaka 2021 mahakama ya New York ilimkuta na hatia, na 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Waliomfunga ni waendesha mashtaka na mashahidi waliosimama kizimbani, tusidanganyane. Ila kampeni ilihakikisha watu hawageuzi shingo. Na nyimbo zake hazikufutika duniani, ukizitafuta unazipata. Kilichoondoka ni nguvu yake. Hiyo ndiyo cancel ya yule karani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi. Ukitaka kuandika "cancel", malizia sentensi. Una-cancel nini? Kama ni mkataba wake wa tangazo, itaje kampuni na useme hutanunua bidhaa yake mpaka ijibu. Huko ni kususia, na kunauma mfukoni. Kama ni kosa la jinai, msaidie aliyeumizwa afike polisi na apate mwanasheria, maana hashtag haiwezi kutoa ushahidi. Kama ni kauli ya kijinga tu ya mtu aliyechoka na kazi, kauli hiyo ipigie mstari, mwenyewe mwache abaki na kazi yake.

Na kama unamtaka mtu mzima mzima atoweke, asile, asifanye kazi, watoto wake wasemwe shuleni, basi kuwa na ujasiri wa kusema kwa Kiswahili: "Nataka tumtenge." Litamke kwa sauti, usikie lilivyo zito mdomoni. Wengi wetu tungeishia hapo, tukaweka simu chini.

Haya wadau, nani huku kwetu amecanceliwa kweli kweli na nguvu yake ikaondoka? Msitaje majina, nyie semeni tu alifanya nini. Nawasubiri kwenye komenti.