Ngoma Isiyo na Ada

Wako wanachama watakaotuuliza: gazeti la chama lina kazi gani na ngoma ya Wahispania? Visima vinangoja kuchimbwa, bei ya pamba haijakaa sawa, na matawi yana uchaguzi. Mbona mhariri anayaacha hayo na kuzungumza juu ya watu wanaogonga visigino jukwaani huko New York? Swali ni la haki, nasi twalijibu mapema. Katika habari ya ngoma hiyo tumeona jambo tunalolipigia kelele kila siku: kitu kilichotungwa na wanyonge huchukuliwa na wenye nguvu, hutiwa nakshi, huuzwa mlangoni kwa tikiti, na aliyekitunga hubaki nje akichungulia. Tena tumeona kwamba wako watu waliokataa mwendo huo.

Ngoma yenyewe huitwa flamenko. Ilizaliwa Andalusia, kusini mwa Hispania, katika mitaa ya maskini ya Sevilla, Jerez na Cádiz. Walioilea zaidi ni Wagitano, watu ambao asili yao ni India na ambao walifika Hispania katika karne ya 15. Hawakukaribishwa. Mwaka 1499 watawala wa nchi waliamuru watafute mabwana wa kuwatumikia au watoke. Mwaka 1749 serikali ya mfalme iliwakamata kwa maelfu kwa mpango mmoja, wanaume wakapelekwa kazi za sulubu katika viwanda vya majeshi ya baharini, wanawake na watoto wakafungwa mahali pengine. Baadaye zikatungwa sheria za kuwakataza lugha yao na mavazi yao. Zipo mpaka leo nyimbo za flamenko zilizohusishwa na vibanda vya wahunzi, nazo huimbwa bila gitaa, sauti ya mtu peke yake. Msomaji asishangae kwamba nyimbo hizo zina uchungu.

Hata sisi Waafrika tumo humo, jambo ambalo vitabu vingi vya zamani havikulitaja. Sevilla ilikuwa soko kubwa la watumwa. Hesabu ya mwaka 1565 ilionyesha watumwa 6,327 katika mji wenye watu 85,538, na wengi wao walikuwa Waafrika. Watu hao walikuwa na chama chao cha kidini, walikuwa na ngoma zao, na ngoma hizo zilichezwa barabarani mjini. Mwaka 2016 Miguel Ángel Rosales alitoa filamu iitwayo Gurumbé kuonyesha habari hiyo. Na lile sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga kwa viganja, ambalo siku hizi halikosekani katika flamenko, lilitoka Peru kwa wajukuu wa watumwa wa Kiafrika. Mpiga gitaa mashuhuri Paco de Lucía ndiye aliyelileta Hispania mwishoni mwa miaka ya 1970.

Sasa tazameni yaliyofanyika. Wakati wa utawala wa Franco, uliokwisha mwaka 1975, flamenko ilifanywa pambo la kuvutia watalii: gauni la madoadoa, ua kichwani, tabasamu. Na wakati huohuo, katika miaka ya 1950 na 1960, familia nyingi za Wagitano ziliondolewa katika mtaa wa Triana, ng'ambo ya mto mjini Sevilla, zikasukumwa pembezoni mwa mji. Picha ya mchezaji ilibandikwa ukutani. Mchezaji mwenyewe akaondolewa mtaani. Mwaka 2010 UNESCO iliiandika flamenko katika orodha ya urithi wa wanadamu, na mwaka 2023 Bunge la Andalusia likapitisha sheria ya flamenko. Hatuzibezi karatasi hizo, maana karatasi nzuri husaidia. Lakini mtaa wa Polígono Sur, wanamokaa Wagitano wengi, ungali miongoni mwa mitaa maskini kuliko yote ya Hispania. Ngoma imepata cheti kabla ya mwenye ngoma kupata nyumba.

Twende basi New York. Mwaka 1983 Carlota Santana na mwenzake Roberto Lorca walianzisha huko kikundi cha ngoma ya Kihispania, ambacho leo huitwa Flamenco Vivo. Lorca alifariki mwaka 1987, na Carlota Santana akaendelea. Kikundi hicho hucheza katika kumbi za tikiti kama vikundi vingine, na hilo peke yake lisingetufanya tushike kalamu. Kilichotufanya tuandike ni kwamba wachezaji wake huingia pia katika shule za serikali na mitaani kufundisha. Mtoto hukuta mwalimu wa ngoma darasani, katika shule ileile anamosoma hesabu, bila mzazi kudaiwa ada ya chuo cha ngoma.

Nasi tuliopita vyuo vya ualimu tunajua kwamba kumpigia mtoto ngoma aitazame si kazi. Kazi ni kumpa ngoma aishike. Katika flamenko mtoto haanzi na gauni. Huanza na makofi. Wimbo uitwao soleá una mapigo 12, na mkazo huangukia mahali ambapo mgeni hautazamii: pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Mmoja akipotea, wote huharibikiwa. Anayepiga makofi vizuri huheshimiwa kama anayecheza, maana bila yeye mchezaji hana pa kukanyagia. Kama kuna somo la ushirika lililo wazi kuliko hilo, sisi hatujaliona katika kitabu chochote cha uraia.

Mfano wa pili uko Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, ambalo Marekani ililitwaa kwa vita kutoka Mexico mwaka 1848. Watu wa huko wengi wana asili ya Kihispania na ya Wahindi Wekundu, na kwa miaka mingi watoto wao waliadhibiwa shuleni kwa kusema Kihispania. (Wasomaji wetu wazee, mliochapwa kwa kusema lugha ya nyumbani, hatuna haja ya kuwaelezea.) Hapo Eva Encinias, aliyefundishwa ngoma na mama yake, alianzisha taasisi ya flamenko mwaka 1982, na mwaka 1987 tamasha ambalo limekuwa kubwa. Chuo Kikuu cha New Mexico hutoa shahada yenye flamenko ndani yake. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilimpa mama huyo heshima ya juu kabisa inayotolewa kwa wasanii wa jadi. Ilianza kwa mama kumfundisha binti.

Tusidanganyane, mambo yao si asali tupu. Vikundi vya namna hii huko Marekani huishi kwa tikiti, ruzuku na michango ya matajiri, na mfadhili akinuna darasa hufungwa. Tena wako Wagitano wanaolalamika kwamba dunia nzima inajifunza nyayo zao na kuwasahau wao. Malalamiko hayo ni ya kweli. Ndiyo sababu sisi twasema ngoma ya watu isiachiwe huruma ya tajiri. Iwe na fungu lake katika hazina ya watu.

Hapa kwetu neno hili si geni. Tarehe 10 Desemba 1962, siku Mwalimu Nyerere alipohutubia kama Rais wa kwanza, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi wetu walijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za babu zao. Kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa, na mwaka 1981 chuo cha sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Huo ulikuwa mwanzo mwema. Walakini leo mtoto wa mjini anaweza kumaliza darasa la saba bila kushika ngoma hata moja, huku mtalii akichezewa sindimba hotelini kila Jumamosi akiwa na glasi mkononi. Na wako viongozi, twasema bila kuogopa, ambao huwaita wacheza ngoma uwanjani saa mbili asubuhi, huwaacha juani mpaka saa nane mgeni wa heshima atakapofika, kisha huwaaga kwa soda moja moja. Hao hawana tofauti na yule aliyebandika picha ukutani na kumwondoa mchezaji mtaani.

Twataka mambo mawili. Halmashauri zitenge posho ya mafundi wa ngoma, waingie shule za msingi kwa saa mbili kila wiki, na mzazi asidaiwe hata senti. Na kikundi kinachoitwa kwenye mkutano wa hadhara kilipwe kama anavyolipwa mwenye vipaza sauti. Makatibu wa matawi watuletee majina ya mafundi waliobaki katika kata zao, ngoma wanazozijua, na siku wanazoweza kufundisha. Orodha hiyo tutaipeleka kwa madiwani kabla bajeti haijapitishwa, nasi tutachapa humu majina ya halmashauri zitakazokubali na zitakazokataa.