Kumtoa Mchezaji si Kumdhalilisha

Wapo wanaodai kuwa Afrika Kusini ilimdhalilisha Manie Libbok ilipomtoa uwanjani katika dakika ya 31 ya nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga dhidi ya Uingereza, Oktoba 21, 2023. Dai hilo ni potofu, tena ni la hatari.

Hakuna anayebisha kwamba Libbok ni hodari wa kuifungulia njia safu ya nyuma kwa pasi zake. Lakini usiku ule jijini Paris mvua ilinyesha, Waingereza wakapiga mipira ya juu, na timu yake ikawa nyuma. Handré Pollard akaingia, na mwishoni akapiga mkwaju wa adhabu ulioleta ushindi wa 16-15. Wiki moja baadaye alianza yeye dhidi ya New Zealand, akafunga pointi zote katika ushindi wa 12-11.

Je, mwalimu wa timu alipaswa kungoja mapumziko ili kulinda heshima ya mtu mmoja? Hasha! Nafasi ni dhamana, si zawadi. Anayemlilia aliyeondolewa, lakini haililii kazi inayoharibika, anakipenda cheo kuliko taifa.