UCHAMBUZI: Nyumba ya mzee anayeishi pekee isigeuke mtego

MJADALA kuhusu usalama wa wazee humu nchini huzuka tu pale damu inapomwagika. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Viongozi walilaani kitendo hicho, taifa likapigwa na butwaa, kisha kimya kikatanda.

Katika Kaunti ya Kilifi nako, hofu imewakumba wazee kiasi kwamba baadhi yao hupaka mvi zao rangi nyeusi wasije wakashukiwa kuwa wachawi. Wengine walilazimika kuhama maboma yao na kutafuta hifadhi katika kituo cha Kaya Godoma, Ganze. Mara nyingi chanzo halisi cha tuhuma hizo huwa ni tamaa ya mashamba.

Uovu huu hauna budi kukomeshwa. Hata hivyo, kuna hatari nyingine zinazowaangamiza wakongwe wetu bila kuvuta vichwa vya habari. Hizi haziji na panga mkononi, kwani zimo ndani ya nyumba zenyewe: sakafu yenye utelezi, njia ya kwenda msalani isiyo na taa, koroboi kando ya chandarua na jiko la makaa lililofungiwa chumbani.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na watu wapatao 2.7 milioni wenye umri wa miaka 60 na zaidi, yaani takriban asilimia sita ya wananchi wote. Vijana wanapozidi kumiminika mijini kusaka riziki, wengi wa wazee hawa husalia mashambani, ama wakiwa pekee au na wajukuu ambao bado ni wachanga.

Tuanze na kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kutokana na kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika mataifa ya kipato cha chini na cha wastani. Ajuza akivunjika nyonga akiwa peke yake, huenda akalala sakafuni hadi asubuhi jirani atakapobisha hodi.

Katika vijiji vyetu, hatari kubwa huwa ni safari ya usiku ya kwenda chooni. Choo cha shimo huchimbwa mbali na nyumba, aghalabu nyuma ya migomba au zizi la ng'ombe. Mzee mwenye mtoto wa jicho hutoka gizani, ardhi imelowa kwa mvua, na akifika huko hulazimika kuchuchumaa kwa magoti yasiyokunjika tena. Akitaka kuinuka hana pa kushika.

Tiba ya tatizo hili haihitaji mamilioni ya pesa. Fundi wa kijijini anaweza kupigilia upau imara ukutani wa kushikilia, na kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kuwekwa juu ya shimo. Njia isawazishwe na kumwagwa kokoto, na taa ndogo ya sola itundikwe mlangoni. Kwa usiku, ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu bali ni busara.

Aidha, wazee wengi wanatumia dawa za shinikizo la damu, na baadhi ya dawa hizo huweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Mzee ashauriwe kuketi kwanza kando ya kitanda kwa muda kabla ya kusimama. Kizunguzungu kikizidi, amweleze daktari badala ya kuacha dawa kiholela.

Hatari ya pili ni moto na moshi. Sensa hiyo hiyo ilibainisha kuwa zaidi ya nusu ya familia nchini hupikia kuni. Mbali na kudhuru mapafu, moshi huo huyafanya macho kuwa mekundu, na katika baadhi ya jamii, hasa Usukuma nchini Tanzania, wekundu huo umewahi kuchukuliwa kuwa ishara ya uchawi. Hivyo basi, dirisha la kutolea moshi jikoni humlinda mkongwe kwa njia mbili.

Katika maeneo ya baridi kama vile Nyandarua na Limuru, jiko la makaa huingizwa chumbani miezi ya Juni na Julai ili kuleta joto. Makaa hayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke. Blanketi la ziada ni nafuu kuliko jeneza.

Hapa ndipo suala hili linapokuwa gumu. Watoto wanapohofia kuwa mzazi wao atavamiwa, hukimbilia kuweka vyuma madirishani na makufuli mawili au matatu mlangoni. Usiku moto unapozuka, mzee yule yule hupapasa gizani akitafuta ufunguo asiouona. Kilichowekwa kumzuia mhalifu nje humzuia mwenye nyumba ndani.

Uamuzi wa busara si kuchagua hatari moja na kupuuza nyingine. Mlango uwe na komeo imara linalofunguka kwa mkono mmoja kutoka ndani bila ufunguo, na jirani mmoja anayeaminika apewe ufunguo wa mlango wa pili. Ulinzi wa kweli wa mzee ni watu watakaogundua haraka kuwa mlango wake haujafunguliwa saa mbili asubuhi. Makundi ya Nyumba Kumi, yaliyoasisiwa mwaka 2013, yangefaa kupewa jukumu hili bayana.

Wapo watakaosema kuwa suluhisho ni kuwahamishia wazee mijini. Lakini mama aliyezoea kuota jua uani na kuzungumza na majirani, akipandishwa ghorofa ya nne Nairobi asikojua mtu, huwa ameondolewa hatari moja na kuongezewa ngazi na upweke. Wengi wao hukataa kuliacha shamba na kaburi la mwenzao wa maisha. Uamuzi huo ni wao, na uheshimiwe. Vivyo hivyo, marekebisho ya nyumba yafanywe kwa ridhaa ya mzee, sio kwa amri ya mwana aliyefika Krismasi na kuondoka Januari.

Je, nani agharamie? Serikali hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee waliosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii ambao wametimu miaka 70. Fedha hizo huishia kwa unga, sukari na dawa. Hazitoshi kununua mbao wala saruji. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Katiba imewataja wote wawili, kwa hivyo hakuna anayepaswa kumsukumia mwenzake mzigo.

Kwa upande wa serikali, njia tayari ipo. Mnamo Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walikabidhiwa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Wahudumu hao huingia majumbani. Kaunti ziwafunze pia kukagua sakafu, taa, jiko, choo na mlango, kisha ziwatengee mafundi bajeti ndogo ya kurekebisha nyumba za wasio na jamaa.

Kwa upande wa familia, tujiulize swali chungu. Mzee akifariki, kamati huundwa siku hiyo hiyo, michango ikafurika kwa M-Pesa, hema na viti vikakodishwa, na barabara ya kuingia bomani ikasawazishwa ili gari la maiti lipite. Iweje njia hiyo isisawazishwe alipokuwa hai, akiihitaji kufika msalani?

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Atakayezuru nyumbani wikendi hii asiishie kupeleka mkate na sukari. Abebe pia nyundo, misumari na taa ya sola, na amuulize mzazi wake ni wapi huwa anaogopa kupita usiku.